Faida ya Daftarini Hainunui Unga

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wafanyabiashara wetu wengi hulionea haya, nalo ni kudai. Kuuza tunajua sana. Lakini mteja akishachukua mzigo kwa mali kauli, tunaingiwa na aibu ya ajabu, mpaka inafika siku mwenye haki ndiye anayevuka barabara kumkwepa mdaiwa wake, asije akaonekana ana njaa.

Tuchukue mfano wa mwoka mikate wa Manzese. Hesabu nimeitunga mimi, lakini wenye matanuri wataitambua. Kila siku hutumia shilingi 600,000 kwa unga, hamira, mafuta, kuni na vibarua, na mikate yake huiuza kwa shilingi 800,000. Faida ni 200,000 kwa siku. Sasa anapata wateja wakubwa, mahoteli na maduka, wanaochukua mikate yote na kuahidi kulipa baada ya siku 30. Mtaji wake wa mkononi ni shilingi milioni 6. Ifikapo jioni ya siku ya kumi, fedha hizo zimekwisha zote. Daftari linasema anadai milioni 8, na kwamba milioni 2 kati ya hizo ni faida. Lakini asubuhi ya siku ya kumi na moja hana hata mfuko mmoja wa unga, na mwenye duka la unga hapokei daftari. Ili angoje siku zote 30, angehitaji mtaji wa milioni 18.

Na mteja mmoja akitoroka na mikate ya siku moja, mwoka mikate huyu atafanya kazi siku tatu nzima kufidia gharama zake tu. Kama amesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, balaa jingine: kodi hiyo huhesabiwa tangu ankara inapotolewa, hata kama mteja hajalipa senti. Yaani unamlipia serikalini mtu asiyekulipa wewe.

Wapo wanaodhani kwamba salama ni kuuzia wakubwa. La hasha. Mwezi Oktoba 2015 maduka ya Uchumi kutoka Kenya yalifunga milango hapa Tanzania na kule Uganda. Nakumatt nayo, iliyokuwa fahari ya Nairobi, iliwekwa na mahakama chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ivunjwe. Maduka ya namna hiyo humuuzia mnunuzi kwa fedha taslimu, lakini humlipa baadaye aliyeleta maziwa na mboga. Siku ya kufilisika, mwenye dhamana, kama benki, hutangulia kulipwa, na mleta maziwa husimama nyuma ya foleni.

Mimi sisemi tusikopeshe. Biashara ya mjini bila mali kauli haiendi, na mabango ya dukani yanayosema kukopa ni kesho hayajamzuia jirani yeyote. Ninachosema ni kwamba siku ya kulipa iandikwe kabla gari la mzigo halijaondoka, na aliyepokea atie saini. Ankara ya kwanza ikipitiliza siku zake, mzigo wa pili usubiri. Mteja atanuna, anune. Na kudai asiachiwe mwenye duka peke yake, ambaye alisoma na mdaiwa au wamezikana. Apewe karani asiyejua undugu wao.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Sheria yetu ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mdai miaka sita kufungua shauri la mkataba, kuanzia siku deni lilipopaswa kulipwa. Ukikaa kimya kwa heshima mpaka miaka hiyo ipite, mdaiwa atasimama mahakamani aseme muda umekwisha, na shauri lako litatupwa hata kama kila mtu anajua mikate aliila. Lakini kabla ya muda huo kwisha, akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au akilipa sehemu yake, miaka huanza kuhesabiwa upya. Basi Desemba, unapompelekea kadi ya sikukuu, mpelekee pia karatasi ya salio lake, na kalamu.