Simu ya Kikundi: Tunanunua Nini Hasa?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kinoo)

Tumeombwa tuzungumze juu ya simu, kwa kuwa baadhi ya vikundi hapa Kinoo vinafikiria kutoa pesa za chama kumnunulia mwekahazina simu janja. Ni jambo jema. Lakini pesa hizo ni za mboga, za boda boda na za mjengo, zilizochangwa hamsini hamsini, na zikishalipwa kule Luthuli si rahisi kurudi. Basi tuitazame simu kama tunavyomtazama ng'ombe kabla ya kumlipia. Hatununui rangi.

Tuanze na mwili wake. Simu nyingi za bei nafuu zina mgongo wa plastiki, na watu huidharau plastiki. Sisi hatuidharau. Ikianguka hupinda kidogo ikarudi, na haizuii mawimbi ya mtandao. Aluminiamu ni imara, lakini ikigongwa hubonyea, na kwa sababu metali huzuia mawimbi, watengenezaji hulazimika kuweka vipande vya plastiki pembeni ili mawimbi yapate njia. Kioo hupitisha mawimbi, tena huwezesha simu kuchajiwa bila waya; hiyo ni sababu moja simu za bei kubwa zina kioo mbele na nyuma. Ila kioo ni kioo. Hata kile kiitwacho Gorilla Glass huvunjika. Kioo hicho huchovywa katika chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi, chembe kubwa za potasiamu zikachukua nafasi ya zile ndogo za sodiamu, na uso wake ukakazika. Kinasaidia sana, lakini usikitume kushindana na kokoto za barabarani. Na muuzaji akisema, "Mama, hii ni glasi tupu," iguse. Kioo na metali ni baridi mkononi. Plastiki iliyong'arishwa hupata joto upesi.

Wengi wetu tunaikumbuka mulika mwizi, ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Vibonye vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisipenye, ubavu wake haukuteleza mkononi, na ilikuwa na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Walioiunda walijua mnunuzi wao anaishi wapi! Ndilo swali tunalotaka mlichukue dukani: simu hii imeundwa kwa maisha ya nani?

Maana kwetu hapa udongo ni mwekundu. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Kwenye boksi tafuteni herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni kurushiwa matone, 7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Majaribio hayo hufanywa kwa maji safi na simu mpya, si kwa maji ya sabuni na simu iliyofunguliwa na fundi mara tatu. Boksi lisipokuwa na herufi hizo, chukulieni kwamba simu haijahakikishwa kwa maji, hata muuzaji akiapa.

Betri ndiyo inayosumbua zaidi. Simu nyingi za siku hizi zimefungwa kwa gundi, huwezi kutoa betri kwa ukucha kama zamani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwulizeni fundi wenu wa hapa Kinoo, siyo muuzaji: betri ya aina hii inapatikana? Na kioo cha mbele je, ni pesa ngapi? Akikuna kichwa, tafuteni simu nyingine. Msiiache juani wala kuifunika kwa blanketi ikichajiwa, kwa maana joto huizeesha betri. Betri ikivimba, msiitoboe kamwe. Inaweza kushika moto.

Sasa tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze vijana. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati wengi wetu tulikuwa na simu za vibonye, na mpaka leo kabambe inatuma na kupokea pesa bila intaneti. Kama kazi ya simu ni pesa za chama tu, kabambe yenye betri inayotoka yatosha. Simu janja inunuliwe kama kuna kazi yake: kupiga picha za bidhaa, kutunza hesabu, kuongea na wateja. Hata hapo, laini ya pesa yaweza kubaki kwenye kabambe.

Mkinunua, bonyezeni *#06# hapo hapo dukani. Itatokea nambari ya IMEI, nayo ilingane na ile ya kwenye boksi. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa nchini Kenya, na wenyewe wakabaki na vyombo visivyopiga wala kupokea. Risiti iandikwe jina la kikundi, siyo la mwekahazina, na nambari hiyo ya IMEI iandikwe humo na katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano.