Skafu za Askari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Makoongwe)



Nimeombwa niseme machache juu ya wale wafumao skafu kwa mikono yao, bila ujira, wakawapelekea askari walioko vitani.

Mwaka 1900, katika vita vya Makaburu, Malkia Victoria, naye amekwisha timiza miaka 80, alifuma skafu 8 za sufu. Walipewa askari mashujaa wasio maofisa: 4 wa Uingereza na 4 wa majeshi ya makoloni. Katika hao hapakuwa na Mwafrika mweusi hata mmoja, ijapokuwa vita vilipiganwa katika nchi ya Afrika.

Simsemi Malkia kwa ubaya. Skafu ya tunzo hupewa mmoja. Skafu ya huruma humfuata kila aonaye baridi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wanawake, wazee na watoto wa shule wa Uingereza na Marekani walifuma skafu nyingi mno, wala hawakujua ni shingo ya nani itakayozivaa.

Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles walipanda milima ya Uhabeshi hata Gondar, kimo cha zaidi ya mita 2,000. Usiku wa huko si usiku wa Pemba. Na mbele ya baridi, shingo haina cheo wala rangi.

Sisi hatufumi sufu. Lakini majumbani mwetu wamo mafundi wa kofia za mkono, wenye subira ya sindano. Basi siku tutakapoombwa, tusiulize, "Askari huyu ni mwana wa nani?" Tuulize, "Huko aliko, kuna baridi?"