DENI LA SHAHADA NA MSHAHARA WAKE



Vijana wa Visiwani na wa Bara leo husoma kwa mikopo. Natumtazame mmoja wa Nachingwea au Ruangwa, atakaye shahada ya elimu ya siasa. Hatumkatazi; twamwomba apige hesabu.

Tangu mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kuilipa Bodi ya Mikopo. Akipata shilingi 800,000 hukatwa 120,000. Deni la milioni 10 humshika miezi 84, ingawa ile tozo ya asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021. Lavumilika, mshahara ukiwapo! Mwalimu na mganga, ijapokuwa nao husubiri, wajua waendako: shuleni na hospitalini. Huyu wetu hana mlango wake, ila agombanie utendaji wa kata pamoja na wengi. Na miezi 24 baada ya kuhitimu humpasa kuanza kulipa.

Nachingwea hiyo hiyo ilikuwa mahali pamoja pa mradi wa njugu wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Mwaka 1951 hasara yake, pauni milioni 36, ilifutwa. Sisi hatuombi kufutiwa. Twadai kijana asiye na kazi asidaiwe mpaka aipate.