Mgonjwa Asiyejua Huumia Mara Mbili

Maneno ya walimu wa kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei



Awali ya yote tunawashukuru wauguzi wetu. Wapo wanaotoka vijijini jirani na wapo wakimbizi wenzetu, na wote tumewaona wakifanya kazi usiku kwa mwanga wa tochi. Kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme neno leo, tulijiuliza: mwalimu ana nini cha kumwambia muuguzi? Tulikaa tukazungumza, tukaona kwamba lipo jambo moja linalotuhusu sote. Jambo hilo ni kutojua.

Siku hii ya 12 Mei ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi tunamkumbuka kwa taa yake na kwa askari aliowauguza katika vita ya Crimea. Lakini alikuwa pia mtu wa hesabu. Alihesabu vifo vya askari na sababu zake, akaonyesha kwamba maradhi yaliua wengi kuliko silaha. Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya uuguzi, na humo alieleza kwamba hofu, kungoja na kutojua litakalotokea humdhuru mgonjwa kuliko hata kazi ya kuuchosha mwili.

Mtu wa kambini akisikia hayo hucheka kidogo. Kungoja? Kutojua? Hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tunangoja mgao, tunangoja majina ubaoni, tunangoja habari za amani kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wenzetu waliokuwa wamekwisha kuuza vyungu na magodoro wasafiri kwenda Marekani waliamka Januari 2025 wakasikia kwamba mpango wa kupokea wakimbizi umesimamishwa. Basi kama kungoja kunamdhuru hata mgonjwa aliyelala kitandani kwake, mgonjwa wa kambini tumfikirie vipi?

Ndugu zetu, tunaomba ruhusa tuwaeleze habari za mwalimu mwenzetu. Mwenyewe ametukubalia tuseme, ila jina lake tusilitaje.

Mwenzetu huyu alikuwa akifundisha hisabati. Siku moja alipimwa akakutwa na presha, akapewa vidonge. Alivimeza miezi minane, kisha akaacha bila kumwambia mtu. Baada ya muda, asubuhi moja, chaki ilimdondoka mkononi mbele ya wanafunzi. Kilikuwa kiharusi. Leo mkono wake wa kulia haushiki kitu, na maneno humtoka kwa shida.

Tulikwenda kumtazama, na kama ilivyo desturi, tukaanza kumlaumu. Kwa nini uliacha dawa? Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema polepole: "Hakuna aliyeniuliza."

Methali yetu yasema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini methali haituambii kwa nini mtu ameficha. Tulipomuuliza vizuri, alitupa sababu nne.

Ya kwanza, alijisikia mzima. Kichwa hakikumuuma, alilala vizuri, akaona ugonjwa umekwisha.

Ya pili, kila mwezi aliambiwa arudi mwezi ujao, naye akafikiri kwamba siku moja ataambiwa imetosha. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa hii kwa kawaida humezwa miaka na miaka, na mara nyingi maisha yote.

Ya tatu, mwezi mmoja alipewa vidonge vya rangi nyingine. Vya kwanza vilikuwa vyeupe, hivi vya manjano. Aliogopa kwamba amepewa dawa ya mtu mwingine, na foleni ilikuwa ndefu, akaona haya kurudi kuuliza.

Ya nne ndiyo iliyotuumiza zaidi. Hakujua ugonjwa huu utampeleka wapi, na alisikia mtaani kwamba mwenye kadi ya presha hukatwa katika safari ya nchi ya tatu. Akaichoma kadi.

Sasa tusikilizeni. Yuko muuguzi mtafiti wa Marekani, Merle Mishel, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza jambo hili la mgonjwa kutojua. Fikra ilimjia alipomtazama baba yake mwenyewe akiugua saratani, asiyeelewa yanayompata. Mwaka 1981 alitoa kipimo cha maswali cha kupimia hali hiyo kwa wagonjwa, na mwaka 1988 akatoa nadharia yake kwa wauguzi wenzake. Yeye alisema kutojua kwa mgonjwa kuna sura nne: haelewi hali ya ugonjwa wake ikoje leo, haelewi njia za matibabu na za hospitali zilizojaa mambo mengi, hakupewa maelezo ya kutosha juu ya ugonjwa na uzito wake, na hawezi kukisia kesho ugonjwa utakwendaje.

Zihesabuni tena sababu za mwenzetu. Alijisikia mzima, rangi ya kidonge ilibadilika, hakuelezwa muda wa dawa, hakujua mwisho wake. Ni nne zile zile. Mwenzetu hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa mtu aliyeachwa peke yake na maswali.

Hapa tunataka kusahihisha neno moja lililoenea mitaani. Watu husema, presha ni mawazo tu. Mawazo yakiisha, presha imekwisha. Neno hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mtu akiwa na hofu mwili wake hutoa homoni zinazoufanya moyo upige mbio na damu kupanda, na sukari ya damu nayo huongezeka. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari akiwa na huzuni nyingi hupata taabu zaidi. Lakini mara nyingi presha haina dalili yoyote. Unaweza kucheka na kucheza ngoma huku kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, siku hii na siku nyingine. Kwa hiyo kutuliza moyo ni vyema, na kidonge nacho kimezwe. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Na asiwepo wa kuacha au kupunguza dawa kabla ya kuzungumza na muuguzi au daktari.

Je, dawa ya kutojua ni ipi? Mishel alitaja nguzo tatu zinazomsaidia mgonjwa kuelewa yanayompata. Ya kwanza ni mtaalamu anayeaminika, ya pili ni watu wa karibu, ya tatu ni elimu. Tulipozisoma tuliona kwamba zote tatu zimo humu kambini. Tunaomba tuseme juu ya kila moja.

Kwanza, kwenu wauguzi na mashirika. Tunajua wagonjwa ni wengi na saa ni chache. Hatuombi hotuba ndefu. Tunaomba maneno machache yasikosekane: ugonjwa huu unaitwaje, dawa hii ni ya muda gani, nikijisikia mzima nifanye nini, niwaone lini. Rangi ya kidonge ikibadilika, mgonjwa aambiwe kabla hajatoka dirishani kwamba dawa ni ile ile. Kwa bibi asiyesikia vizuri Kiswahili, atafutwe mtu mzima wa kumsemea kwa Kibembe au Kifuliiru. Tena tunaomba maofisa wanaohusika na safari waje mbele ya watu waseme wazi habari za kadi za hospitali. Miongoni mwa mafungu ambayo UNHCR hutumia kupendekeza watu kwa nchi ya tatu, limo fungu la mahitaji ya matibabu. Mwenzetu angelijua hilo, asingechoma kadi yake.

Pili, kwetu majirani. Mjini Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa wauguzi. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja atakaloanza nalo, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Kwa Kishona hali waliyoitibu huitwa kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, wenye watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Miongoni mwao walikuwamo wengi waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ugonjwa usio wa wiki moja.

Mabenchi tunayo, na akina bibi tunao. Tukianza leo na swali moja tu kwa jirani mwenye presha, kisukari au kifafa, "Dawa zako zinakwendaje?", tutakuwa tumeanza. Tuulize kwa upole, tukiwa wawili, wala si mbele ya watu bombani. Na akijibu, jibu lake libaki pale pale.

Tatu, kwetu walimu. Mara ngapi tumemwona mtoto akisinzia darasani tukamchapa maneno, kumbe usiku alikuwa akimgeuza mama yake kitandani? Tangu sasa tumekubaliana kuuliza kabla ya kukemea. Tumekubaliana pia kwamba kila Jumamosi walimu wawili watakaa chini ya mwembe wa shule, na yeyote asiyejua kusoma alete kadi yake asomewe. Tutasoma tu kilichoandikwa. Maswali ya dawa tutayapeleka pamoja naye kwa muuguzi. Tunawasihi wazazi wasimtume mtoto kufanya kazi hiyo. Mtoto asibebeshwe siri ya ugonjwa wa mzazi wake.

Kabla hatujamaliza, lipo jambo lingine. Mwaka 1990 Mishel aliirudia nadharia yake, akaongeza habari za wagonjwa wa siku nyingi. Aliona kwamba katika magonjwa haya kutojua hakuishi kabisa, hata mtu akielezwa vipi. Lakini wapo wagonjwa wanaofika mahali wakaacha kudai uhakika. Hupanga siku kwa yale yanayowezekana, na maisha yao hupata sura mpya. Hawafiki huko peke yao. Wanahitaji watu wa kuwashika mkono.

Tuliposoma hayo tulisema, mbona haya tunayajua? Sisi ni watu tuliopanda mchicha nyuma ya nyumba bila kujua kama tutauvuna. Tumejenga shule za matofali ya udongo tukiwa hatujui tutakaa hapa miaka mingapi. Tumeoa, tumezaa, tumezika. Kama lipo somo ambalo mkimbizi anaweza kumfundisha mgonjwa, ni hili la kuishi leo vizuri ilhali kesho haijulikani. Basi tusilifiche.

Mwenzetu yule yu hai. Asubuhi nyingi huletwa na mwanawe akaketi kwenye kiti nje ya darasa la sita. Wanafunzi humpelekea madaftari yao, naye huonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto mahali hesabu ilipokosewa. Vidonge vyake viko mfukoni, na kila siku saa ya mapumziko mmoja wetu humuuliza. Tulichelewa kumuuliza, naye ametusamehe. Tunawaomba ninyi msichelewe kama sisi.

Tunawatakia wauguzi wetu afya njema na nguvu ya kazi, na kwa wote wenye maradhi ya siku nyingi tunasema: hamko peke yenu.