Mashua Yetu: Mataruma Kwanza, Kalafati Baadaye



Wengine mnasema mashua inavuja, basi ikalafatiwe irudi kazini. Mimi nasema ngojeni kwanza. Mashua iliyokaa juani huvuja ikishushwa majini, mbao zikivimba inajiziba. Hii yetu ina wiki nzima majini na bado tunafua maji kwa ndoo. Tena ikitia nanga inavuja kidogo, ikitweka tanga inavuja sana. Hapo mbao zinacheza, na pamba haiwezi kuzishika.

Bamvua linalokuja, ikipwelewa, tuondoe mbao za kukanyagia tufike ngamani. Gonga taruma kwa nyundo: zima hulia ko, bovu hulia pu. Kisha kisu. Ncha ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, limeoza. Tazameni sana vichwa vya mataruma na kule tezini, maji ya mvua yanakotuama, maana maji matamu huozesha mbao kuliko ya chumvi. Na penye msumari wenye kutu, pimeni mbao ya kando yake.

Taruma moja mawili fundi atabadili. Mkuku ukiwa umeoza, hapandi abiria hata mmoja, nazi zingoje.

Maji yakianza kupwa, kila nyumba ilete mtu mmoja pwani.