Ubongo Mdogo wa Pampu: Tulivyotafuta Kompaila Bora Kabla ya Kununua Vifaa Vipya

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Mmetuuliza swali la haki: kama visanduku vinavyoongoza pampu zetu za maji ni vya teknolojia ya zamani, kwa nini tusinunue vipya? Leo tunajibu.

Ndani ya kila kisanduku mna prosesa ya aina ya 8051, ambayo kampuni ya Intel ya Marekani iliitoa mwaka 1980. Ni ya biti 8. Ina kilobaiti 4 za kuhifadhi programu na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ni kidogo sana, lakini inatosha kusoma kina cha tangi, kuwasha pampu na kuizima.

Shida ilikuja tulipotaka kuongeza kinga, ili pampu isizunguke kisima kinapokauka na kuungua. Programu ilizidi nafasi. Tulikuwa na njia mbili: kubadili visanduku vyote, au kupata kompaila inayobana zaidi.

Kompaila ni mkalimani. Fundi huandika maagizo kwa lugha ya C, nayo huyageuza yawe maagizo ya prosesa. Wakalimani wawili waweza kufasiri hotuba moja, mmoja kwa maneno kumi, mwingine kwa ishirini. Kwenye kompyuta kubwa tofauti hiyo haisumbui, lakini kwenye kilobaiti 4 ndiyo inayoamua.

Tulizingatia mambo matatu:

Kwanza, kompaila iijue 8051 kwa undani. Iliyo nzuri hutambua sehemu za programu zisizofanya kazi kwa wakati mmoja, ikazipa nafasi ileile ya kumbukumbu kwa zamu, kama madarasa mawili yanavyotumia chumba kimoja, moja asubuhi na jingine mchana.

Pili, gharama na leseni. Keil C51 ni ya kibiashara na inasifika kwa kubana. SDCC, iliyoanzishwa na Sandeep Dutta, ni programu huria. Fundi wetu anaweza kuitumia bila malipo hata mradi ukishafungwa.

Tatu, vipimo. Programu ileile ilipitishwa kwenye zote mbili. Ya Keil ilipimwa na fundi rafiki mwenye leseni halali. Tulilinganisha ukubwa, kisha tukaijaribu kwenye pampu yenyewe, kwa sababu programu fupi inayokosea haina faida.

Iliyotoka Keil ilikuwa fupi zaidi. Hata hivyo, mafundi waligundua kwamba mengi yaliweza kuokolewa katika uandishi. Katika 8051 namba ya kawaida ya C huchukua baiti 2, ilhali prosesa hushughulika na baiti moja moja. Kina cha tangi, kuanzia 0 hadi 100, kinaenea kwenye baiti moja, ambayo hufika 255. Wakazibadili namba hizo, wakaondoa hesabu za desimali, na maneno yasiyobadilika wakayaweka kwenye nafasi ya programu. Baada ya hapo hata SDCC iliitosheleza programu yote, pamoja na kinga.

Kwa hiyo hatutaomba fedha za visanduku vipya kwa sababu hii. Bwana wetu, baada ya kuwashibisha makutano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Baiti nazo ni vipande.

Tunaziomba kamati mambo mawili. Kila parokia itunze nakala ya maandishi ya programu pamoja na toleo la kompaila lililotumika, maana bila hivyo fundi ajaye hataweza kurekebisha chochote. Na mkataba wowote mpya wa vifaa udai maandishi hayo yakabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.

Kwenu wafadhili, msaada unaohitajika sasa ni mafunzo ya mafundi. Kisanduku kimoja huhudumia kisima kimoja; fundi anayejua kukisoma huhudumia vyote.