Maneno juu ya Magonjwa ya Kuku, kwa Wenyeji wa Katana

 Leo nataka kusema nanyi juu ya kuku. Labda mtu atacheka, atasema kuku ni kitu kidogo, ng'ombe ndio mali. Lakini bwana wa nyumba akiwa katika machimbo ya Nyabibwe, naye hajatuma kitu miezi miwili, nani analipa karo ya mtoto? Mara nyingi ni jogoo wa mama.

Magonjwa ya kuku ni mengi, lakini unaomaliza kuku wa kijiji kizima ni mmoja. Watu wa Tanzania huuita kideri au mdondo. Waganga wa nyama huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulionekana mwaka 1926. Mwaka 1935 ulionekana Kenya, karibu na Mombasa. Dalili zake ni hizi: kuku anajikunyata, hataki kula, anapumua kwa taabu, anahara mavi ya kijani. Wengine shingo inapinda, au miguu inapooza. Kuku wasiochanjwa wanaweza kufa tisa katika kumi, hata wote.

Sasa sikilizeni vizuri. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Desturi naijua: mtu ananunua kapsuli za tetracycline sokoni, anafungua moja, anamwaga unga katika maji ya kuku. Dawa ile huua bakteria. Kirusi cha Newcastle haikiwezi. Pilipili nayo haikiwezi. Pesa inapotea na kuku anakufa. Tena mkila mayai ya kuku aliyepewa dawa juzi, mnaila na dawa yenyewe.

Sisemi dawa zote ni bure. Vifaranga wa majuma matatu mpaka sita wakihara damu na mabawa yakilegea, mara nyingi ni koksidiosi, nayo ina dawa. Inaitwa amprolium, hutiwa katika maji ya kunywa siku tano mpaka saba. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti, si kile cha jirani. Siku hizo msiwape maji mengine. Majani ya kulalia yaliyolowa myatoe, mtie makavu, maana ugonjwa huu hupenda unyevu.

Msipojua ni ugonjwa gani, nendeni kwa veterinere kabla ya kununua kitu. Msimpelekee habari tupu. Mpelekeeni kuku aliye mgonjwa, au aliyekufa asubuhi ile, ndani ya mfuko uliofungwa. Akimpasua na kutazama matumbo, atajua mengi kuliko maneno yenu.

Kwa Newcastle kuna chanjo. Iitwayo I-2 ilianzia Australia, nayo hustahimili joto kuliko zile za zamani. Hata hivyo jua huiharibu: ichukuliwe katika kikapu, imefungwa kitambaa chenye maji. Tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa. Rudieni kila miezi minne. Chanjeni kuku wazima tu, kwa kuwa chanjo hungoja majuma mawili hivi kupata nguvu. Aliye mgonjwa tayari haimsaidii. Mwezi wa tano unafaa, kabla ya kiangazi. Chupa moja hutosha kuku mamia, basi nyumba nyingi zichangie pamoja. Fungeni kuku usiku, mje nao alfajiri.

Liko neno gumu. Kuku wakianza kufa, watu hukimbia sokoni kuuza waliobaki, na wachuuzi huwapeleka machimboni, ambako kuku ana bei nzuri. Nawaambia msiuze, nami najua nawaambia mpoteze pesa. Lakini kuku yule hubeba ugonjwa siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili. Tenga lile la mchuuzi hurudi tupu, lakini na mavi yake, na juma linalofuata kijiji cha pili kinalia. Waliokufa wachomeni au wazikeni chini sana, pamoja na manyoya. Msiwatupie mbwa, wala msiwatupe ziwani. Mnawe mikono kwa sabuni, maana kirusi hiki huweza kuumiza macho ya mtu.

Na kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya shemeji, akae peke yake majuma mawili, na chombo chake cha maji, kabla hajachanganywa na wengine.